Je, Wajua? Kufika Bongwe Bila Kupanda Feri

Je, wajua kwamba unaweza kushuka treni ya SGR pale Miritini ukafika Bongwe, karibu na Ukunda na ufukwe wa Diani, bila kukanyaga feri ya Likoni? Barabara ya Dongo Kundu inavuka maji kwa daraja la Mteza, lenye urefu wa kilomita 1.4 hivi, na kukutoa Kibundani, kwenye barabara ya Likoni kwenda Ukunda. Kwa mwenye watoto na mizigo, hiyo ni nafuu kubwa. Asiye na haraka bado anavuka Likoni kwa miguu bure, kisha apande matatu hadi Ukunda na kumalizia kwa bodaboda.

Mgeni wa kutoka Brazili, au nchi nyingine yenye homa ya manjano, aje na cheti cha chanjo, aliyochanjwa angalau siku 10 kabla. Mifuko ya plastiki aiache kwao: Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017.

Ukifika, usiishie ufukweni. Nenda Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, ambao ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizotambuliwa na UNESCO mwaka 2008. Kabla ya kuingia unafungwa kaniki kiunoni, nyeusi tii, kisha unamfuata mwenyeji wako. Huvunji tawi. Hutoki na chochote, hata jani lililojiangukia.

Barabarani Diani, mbega wamefungiwa madaraja ya kamba juu ya lami. Endesha polepole, na tafadhali usiwape chakula.