Nimbus: Wingu la Mvua na Duara la Nuru

Katika Kilatini cha Warumi wa kale, neno nimbus lilitaja mvua ya dhoruba na pia wingu zito linaloileta, na baadaye likatumiwa kwa duara la nuru linalochorwa kuzunguka vichwa vya miungu, wafalme na watakatifu. Wanaisimu wengi hulihusisha na mzizi wa kale wa lugha za Kihindi-Kiulaya uliozaa pia nebula ya Kilatini, yaani ukungu, nephos ya Kigiriki na nabhas ya Kisanskriti. Kwa kuwa ukoo huo ni wa ukungu na mawingu, linalostahili kuelezwa ni jinsi kitu kinachoziba jua kilivyopata kuwa jina la mng'ao.

Chanzo kimo katika ushairi, ambamo miungu hushuka duniani ikiwa imevikwa wingu. Katika Aeneid, utenzi wa Virgil wa karne ya 1 KK, Juno hushuka akiwa amejifunga nimbus huku akiendesha dhoruba, na hapo wingu ni wingu hasa; lakini Minerva, akiwa juu ya ngome ya Troya inayoteketea, anang'aa kwa nimbus yake. Servius, aliyeufafanua utenzi huo yapata mwaka 400 BK, alieleza kuwa huo ni mwanga unaozunguka vichwa vya miungu. Wingu, basi, halikuondoka ili kuupisha mwanga, bali liliwaka kwa sababu ya aliyekuwa ndani yake.

Wachoraji waliipa nuru hiyo kanuni zao. Katika kanisa la San Vitale mjini Ravenna, lililowekwa wakfu mwaka 547, Kaisari Justinian na mkewe Theodora wana nimbus, kwani ilikuwa pia alama ya mamlaka. Katika kanisa la Santa Prassede mjini Roma, Papa Paschal I, aliyeongoza kuanzia 817 hadi 824, amewekewa nimbus ya mraba yenye rangi ya samawati, ishara kwamba alikuwa hai picha ilipotengenezwa.

Mwaka 1802, Luke Howard, mtaalamu wa dawa wa London, alilirudisha neno hili angani alipoliteua kuwa jina la wingu la mvua. Leo limebaki katika majina ya kuunganisha, kama vile nimbostratus, tabaka la kijivu la mvua ya mfululizo, na cumulonimbus, wingu la radi ambalo katika nchi za tropiki huweza kupita kimo cha kilomita 15. Ile pete inayoonekana kulizunguka jua au mwezi haitoki katika mawingu hayo, bali katika cirrostratus, utando mwembamba wa juu ambao chembe zake za barafu zenye pande sita hupinda mwanga kwa takriban nyuzi 22; na huko Ulaya utando huo mara nyingi huzidi kunenepa na kushuka, hata ukawa nimbostratus yenyewe.