Kutu, Njiwa na Maji ya Mji: Namna Matangi Makubwa Yatunzwavyo

Mnamo mwezi wa Novemba 1993, katika mji mdogo wa Gideon, jimbo la Missouri, Marekani, wenyeji walianza kunung'unika kwamba maji ya mifereji yao yananuka na yana ladha mbaya. Mji huo ulikuwa na watu wapatao 1,100 tu. Maji yao yalitoka katika visima virefu sana, nayo yalisadikiwa kuwa safi hata hayakutiwa dawa yo yote. Basi tarehe 10 Novemba wafanyakazi wa mji walifanya lile ambalo watu wa maji mahali pengi hulifanya wasikiapo malalamiko ya namna hiyo: walifungua mabomba ya zimamoto, moja baada ya jingine, wakaacha maji yamwagike kwa nguvu ili kuiosha mifereji. Nia yao ilikuwa njema. Lakini maji yaliyokuja kushika mahali pa yale yaliyomwagwa yalivutwa kutoka katika matangi yaliyosimama juu ya minara, na huko ndiko ubaya ulikokuwa umelala.

Kabla Desemba haijaendelea sana, watoto wengi walikuwa hawaonekani shuleni kwa ajili ya tumbo la kuhara, na wazee waliokuwa katika nyumba ya kutunzia wazee walianza kuugua mmoja mmoja. Wakadiriwa kuwa zaidi ya 600 walioshikwa na ugonjwa huo, yaani zaidi ya nusu ya mji. Saba katika wale wazee walikufa.

Wachunguzi wa afya walipofika waliona kwamba wagonjwa walikuwa na vijidudu viitwavyo salmonela, ambavyo ni ndugu wa vile viletavyo homa ya matumbo. Walipopanda juu ya minara waliona sababu: kutu, mahali palipo wazi, na manyoya ya ndege. Njiwa walikuwa wamejifanyia makao pale, na kinyesi chao kilikuwa kikianguka katika maji ya kunywa. Kisha baridi ya ghafula ikapoza maji ya juu ndani ya tangi. Maji yaliyopoa huwa mazito, basi yakazama na kuyavuruga maji ya zamani pamoja na matope yaliyotulia chini. Harufu waliyoilalamikia wenyeji ilikuwa ni onyo, ila hakuna aliyeweza kulifahamu wakati ule.

Si haki kuwacheka watu wa Gideon. Tangi la maji ni kitu ambacho watu hukitazama kila siku bila kukiona. Wengi hufikiri kwamba kulipaka rangi ni pambo, kama kupaka chokaa mbele ya duka kabla ya sikukuu, na fedha zikipungua ndilo jambo la kwanza kuahirishwa. Mji ukijenga barabara, watu husifu. Mji ukipaka rangi ndani ya tangi, ni nani atakayeingia kuitazama?

Sababu ya kuliweka tangi juu ni msukumo. Kila futi 100 za kimo hutoa msukumo wa ratili 43 kwa kila inchi moja ya mraba katika mfereji ulio chini, bila mashine yo yote kufanya kazi. Usiku pampu hujaza tangi. Asubuhi watu wote wanapoamka na kufungua mifereji kwa pamoja, tangi huwagawia. Moto ukizuka, maji yapo. Lakini tangi la galoni 100,000 za Kimarekani hubeba maji yenye uzito wa zaidi ya tani 370, na mzigo huo wote hushikiliwa na mabamba ya chuma na miguu ya chuma. Kutu ikila chuma hicho, hatari si ya uchafu peke yake.

Mtu angedhani ya kwamba chuma huoza zaidi pale kilipozama majini. Sivyo. Mara nyingi mahali paozapo upesi ni upande wa ndani wa paa, ambapo maji hayafiki kamwe. Mvuke hupanda, hugeuka matone juu ya chuma, na katika miji itiayo klorini mvuke wa dawa hiyo hupanda pamoja nao. Hewa ipo tele, unyevu upo daima, basi kutu hupata chakula chake chote. Na paa likitoboka, ndipo wanapoingia ndege, wadudu na maji ya mvua yaliyoosha uchafu wa nje.

Zamani mafundi walipaka rangi nyekundu ya risasi, au lami ya makaa ya mawe. Rangi ya risasi ilikizuia chuma kisioze kwa miaka mingi, lakini risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na madeni yake yanalipwa hata leo. Tangi la zamani likikwanguliwa, vumbi la rangi hiyo huweza kupeperushwa na upepo likaangukia nyumba na bustani za jirani. Kwa hiyo mafundi hulizungushia tangi zima mapazia makubwa ya turubali, toka juu hata chini, na takataka zote hukusanywa na kuchukuliwa mbali kama sumu. Mara nyingine kuondoa rangi ya kale huwa na gharama kubwa kuliko kupaka mpya.

Kazi yenyewe huanza kwa kulitoa tangi katika utumishi. Mji wenye tangi moja tu hupata taabu kubwa hapo. Wenye mawili hulitegemea moja huku jingine likitengenezwa. Wakati mzuri ni ule ambao watu hawatumii maji mengi, lakini usiwe wa baridi kali, maana rangi haikauki vema. Matope ya chini huzolewa. Kisha chembe kali hupulizwa kwa upepo wa mashine juu ya chuma mpaka kutu na rangi ya zamani zitoke, na bamba libaki jeupe karibu kama lilivyotoka kiwandani. Rangi ya kwanza sharti ipakwe upesi baada ya hapo, kwa kuwa chuma kilicho uchi huanza kushika kutu tena katika saa chache tu. Na fundi asipake kama umande wakaribia kutua: hupima joto la chuma na unyevu wa hewa kwanza, kwani rangi iliyopakwa juu ya umande usioonekana kwa macho itabanduka kama ganda.

Rangi za ndani zitumikazo sasa mara nyingi ni za epoksi, wakati mwingine juu ya rangi ya kwanza yenye zinki. Nchini Marekani rangi igusayo maji ya kunywa hupimwa kwanza ili kuhakikisha haitoi sumu. Nje, watu wengi huchagua rangi nyeupe au hafifu, nalo ni jambo lenye akili, maana tangi jeusi hupata joto la jua na maji ya uvuguvugu hulea vijidudu.

Lakini ni vigumu kufikiri juu ya rangi bila kufikiri juu ya mpakaji. Yumo ndani ya pipa la chuma lililofungwa, mlango wake ni tundu moja, chini yake kuna shimo na kichwani mwake mvuke wa rangi uwezao kumlewesha, kumwua, au kulipuka kwa cheche moja. Hata tangi tupu lisilopakwa kitu laweza kumwua mtu: kutu inapofanyika huila ile sehemu ya hewa ambayo binadamu huivuta ili aishi, na aingiaye katika tangi lililofungwa siku nyingi aweza kuanguka kabla hajaita. Ndiyo sababu hewa hupimwa kwanza, mashine za kupepea huwashwa, mtu hufungwa mshipi na kamba, na mwenzake hukaa mlangoni bila kuondoka.

Rangi ikiisha kukauka, fundi hupitisha juu yake sifongo yenye maji iliyounganishwa na umeme hafifu. Pakiwa na kitundu kidogo kama ncha ya sindano, umeme hupita na kengele hulia. Mahali hapo hurudiwa. Kazi njema huweza kudumu miaka 15 au 20, lakini ukaguzi haungoji muda huo. Wataalamu hushauri tangi likaguliwe kila baada ya miaka mitatu hata mitano, na nyavu za matundu ya hewa, vifuniko na bomba la kumwagia maji yazidiyo vitazamwe mara nyingi zaidi. Siku hizi wako wapiga mbizi waingiao katika tangi lililojaa, mavazi yao yakiwa yameoshwa kwa klorini, wakatazama bila mji kukosa maji.

Miaka 14 hivi baada ya Gideon, jambo lile lile lilitokea katika mji wa Alamosa, jimbo la Colorado. Tangi la huko lilikuwa la saruji, liko chini, na lilikuwa na nyufa. Maji hayakutiwa klorini. Mwezi wa Machi 2008 salmonela iliingia. Wagonjwa zaidi ya 400 waliandikishwa, na yakisiwa walioshikwa walifikia 1,300. Mtu mmoja alifariki. Kwa muda wa wiki tatu hivi watu walipewa maji ya chupa wakati mifereji ilipokuwa ikioshwa kwa dawa.

Tangi lililokwisha pakwa rangi haliruhusiwi kupeleka maji mjini mara moja. Epoksi hupewa siku kadhaa, mara nyingi saba, ili ikomae. Halafu kuta huoshwa na tangi hutiwa maji yenye klorini kali, ambayo hukaa humo kwa saa zilizowekwa. Maji hayo hayamwagwi ovyo mtoni, kwa kuwa yataua samaki. Hutiwa dawa ya kuiondoa klorini kwanza. Ndipo maji safi yanapoingizwa, na chupa ndogo ya maji hayo hupelekwa maabara. Ikionekana ndani yake dalili ya kijidudu, hata rangi ing'ae namna gani, tangi hutiwa klorini upya na chupa nyingine hujazwa.