Usalama wa Mandhari ya Povu Gumu katika Tangi la Samaki la Maji ya Chumvi

Makala hii inafafanua namna ya kuandaa mandhari ya nyuma iliyochongwa kwa povu gumu ili itumike katika tangi la samaki la maji ya chumvi bila kuwadhuru viumbe. Hoja kuu ni kwamba povu lililokauka sawasawa si chanzo kikuu cha sumu. Hatari hutokana zaidi na rangi, gundi na saruji zinazoambatana nalo. Hivyo basi, usalama wake hauna budi kuthibitishwa kwa kipimo.

Hatari ya kwanza ni ya kifizikia. Ubao wa polistaireni wenye urefu wa sentimita 120, upana wa 60 na unene wa 5 una ujazo wa lita 36. Kwa kuwa lita moja ya maji ya bahari ina takriban kilo 1.025, ubao huo ukizamishwa husukumwa juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 36 hivi. Kwa sababu hiyo, hugandishwa kwenye kioo kwa silikoni tangi likiwa tupu na kavu. Kingo zote huzibwa, kwani maji yanayotuama nyuma yake hukusanya uchafu unaooza. Silikoni yenye dawa ya kuzuia ukungu haifai. Skrubu za chuma nazo hazifai, kwa kuwa hushika kutu.

Hatari ya pili ni ya kikemia. Rangi zenye shaba ziepukwe kabisa, kwani kiasi kidogo cha shaba ambacho samaki wengi hukivumilia huweza kuua matumbawe na kamba. Rangi za oksidi ya chuma, zikichanganywa na epoksi isiyo na kiyeyushi, ni mbadala unaofaa. Uwiano wa epoksi na kigumishi chake upimwe kwa uangalifu, maana kigumishi kinachobaki bila kuungana ni sumu. Aidha, saruji hutoa hidroksidi ya kalsiamu inayopandisha pH. Hivyo huloweshwa, na maji hubadilishwa hadi pH ya maji mapya ya chumvi isipande tena.

Kwa upande wa uthibitisho, kipande cha povu chenye matabaka yaleyale huloweshwa katika maji ya chumvi, kisha lava wa Artemia huwekwa katika maji hayo. Vifo vyao baada ya saa 24 hulinganishwa na vya chombo kingine kisicho na kipande. Hata hivyo, Artemia huvumilia shaba kuliko krasteshia wengine wengi. Kwa hiyo kunusurika kwao hakutoshi, na shaba ipimwe peke yake.

Kwa kuhitimisha, jaribio hilo lifanywe kabla ya ubao kugandishwa. Sumu ikigunduliwa baadaye, mandhari haiwezi kubanduliwa bila kuwahamisha viumbe wote na kulimwaga maji tangi zima.