Wasiwasi wa Kujipima: Yaliyotupata Bwenini Huangpu

Usiku mmoja wa Desemba 2022, katika bweni letu hapa Huangpu, mwenzetu mmoja aliamka saa nane akatia kidole kwenye kile kibanio cha kupima oksijeni. Kikasoma 96. Akabadilisha kidole: 94. Akaisugua mikono, akapima tena: 97. Mtu mwingine angelala. Yeye aliendelea mpaka simu yake ilipoadhini alfajiri, na tulipokutana kwenye uji akatuambia amepima mara arobaini na moja. Tulicheka sana. Kisha mmoja wetu akanyamaza, maana naye usiku uleule alikuwa amepima mara kumi na tisa na hakumwambia mtu.

Makala hii ni yao, na ni ya wengine wetu tuliogundua baadaye kwamba tunayo tabia hiyohiyo. Wametukubalia tuandike kwa sharti moja tu, tusiwataje. Tunaiandika sasa kwa sababu klabu imepokea wanachama wapya, na karibu kila mmoja amekuja na saa janja mkononi inayompimia mapigo ya moyo hata asipoiomba.

Wageni hawakuyaona yale, kwa hiyo tuanzie nyuma kidogo. Kwa karibu miaka mitatu hapa Guangzhou, namba ilikuwa ruhusa ya kupita. Langoni mwa chuo, kwenye metro pale Yuzhu, dukani kwa muuza matunda, kila mahali ulielekezewa kipimajoto kama bastola kwenye paji la uso. Ukisoma 37.3, unawekwa pembeni. Simu nayo ilikuwa na alama yako ya afya: kijani unatembea, njano una mashaka, nyekundu usitoke. Na kwa sisi Waafrika palikuwa na la ziada. Aprili 2020 Waafrika wengi wa mji huu walitolewa kwenye nyumba na hoteli walizokuwa wamepanga, hata wasiokuwa na ugonjwa, mpaka mabalozi wa Afrika kule Beijing wakaandika barua ya malalamiko. Wengi wetu wakati huo tulikuwa bado nyumbani, lakini picha za watu waliolala nje na mabegi yao zilitufikia Dodoma, Mombasa na Bukavu. Tulipokuja kuingia mji huu, homa kwetu haikuwa maradhi tu. Ilikuwa ni kukosa pa kulala.

Tarehe 7 Desemba 2022 serikali ililegeza masharti. Wagonjwa wakaruhusiwa kukaa majumbani, na haukupita muda ghorofa yetu nzima ikawa inakohoa. Dawa za homa ziliadimika madukani, vipima oksijeni vikaadimika zaidi. Tulikuwa na kimoja, kikizunguka chumba hadi chumba kama sahani ya sadaka. Wakati ule kupima kulikuwa na maana na hatuwadhihaki waliopima. Tatizo ni kwamba Januari ugonjwa ulikwisha, kupima hakukuisha.

Mwenzetu wa arobaini na moja alihamia kwenye mapigo. Alikaa darasani vidole viwili shingoni, anahesabu. Mapigo ya mtu mzima aliyetulia ni kati ya 60 na 100 kwa dakika. Yeye akipata 88 anaogopa, akiogopa inakuwa 104, na ile 104 ndiyo inayothibitisha alichokuwa anaogopa. Tezi za shingo alizibonyeza mpaka zikauma kweli, na maumivu hayo akayahesabu kuwa dalili mpya. Alipiga picha ya kifua, akapimwa umeme wa moyo, akatolewa damu mara tatu. Kila mara majibu yalikuja safi, naye alishangilia mpaka jioni. Asubuhi swali lilikuwa limerudi: jana nilikuwa mzima, je, leo?

Watafiti wawili wa Uingereza, Paul Salkovskis na Hilary Warwick, waliliandika jambo hili mwaka 1986. Walionyesha kwamba kule kutafuta uhakikisho, iwe kwa daktari, kwa mke au kwa kipimo, hutuliza kwa muda mfupi na kuilisha hofu kwa muda mrefu. Wachina wana neno lake, *yibing*: *yi* ni kushuku, *bing* ni ugonjwa. Wana pia kisa cha kale cha mtu aliyealikwa kunywa pombe akaona nyoka ndani ya kikombe, akanywa kwa kuona haya, akaugua. Mwenyeji wake akamrudisha palepale, akamwonyesha kuwa yule nyoka alikuwa kivuli cha upinde uliotundikwa ukutani. Akapona hapohapo. Tulipomsimulia mwenzetu alisema, "Mimi ningerudi kesho kuhakikisha kama upinde bado upo."

Sisi wa Kiswahili tuna neno ambalo limetumika sana hata tumesahau lilikotoka. Wasiwasi, kwa watu wa pwani, si hofu tu. Ni ile minong'ono ya moyoni inayomfanya mtu arudie udhu mara tano kwa kuwa hana hakika kama maji yalifika kisiginoni. Wenzetu waliosoma chuoni Unguja na Lamu wanakumbuka mwalimu alivyomjibu mtoto wa namna hiyo. Hakumwambia arudie kwa uangalifu zaidi. Alimwambia asirudie, aende akasali na shaka yake, kwa kuwa shaka haiondoi kile ulichokwisha kukihakikisha. Sasa hivi wanasaikolojia wakitibu wasiwasi wa kujipima wanafanya karibu lilelile: mgonjwa anaachwa akutane na hofu yake bila kupima. Mwenzetu mmoja wa udaktari alibishana nasi wiki nzima juu ya ulinganisho huu. Mwishowe alikubali nusu.

Lakini kwanza ilibidi tuijue mashine yenyewe. Kibanio hupitisha mianga miwili kidoleni, mmoja mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo hufyonza mianga hiyo kwa viwango tofauti, na mashine husoma tofauti hiyo kila mshipa unapopiga. Mbinu hiyo ilibuniwa na Mjapani, Takuo Aoyagi, aliyeitangaza mwaka 1974. Alifariki Aprili 2020, wakati dunia nzima inakigombania kifaa chake. Ili isome vizuri, mashine inataka damu ifike kidoleni. Kidole cha baridi, rangi ya kucha, hina nyeusi, mkono unaotetemeka, vyote huiharibia hesabu. Bweni letu, kama nyumba nyingi za kusini mwa China, halina kipasha joto, na usiku wa Desemba vidole vinaganda. Ile 94 iliyomnyima mwenzetu usingizi ilikuwa 94 ya baridi.

Jambo gumu zaidi lilikuja Januari. Alisoma kwamba Desemba 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walilinganisha vipimo vya kidoleni na vipimo vya damu yenyewe kwa wagonjwa waliolazwa. Pale mashine ilipoonyesha kiwango cha kuridhisha, upungufu wa oksijeni uliojificha ulipatikana kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Rangi ya ngozi inaidanganya mashine. "Kama 97 yangu yaweza kuwa ya uongo," alituuliza, "nitaamini nini?" Hatukuwa na la kumjibu, maana alikuwa amesema kweli. Ni yule wa udaktari aliyesema baada ya kimya kirefu: "Hata ukipima mara mia, ni mashine ileile, itakupa kosa lilelile mara mia." Akamwambia apande ngazi mpaka ghorofa ya nne huku akizungumza. Alipanda, na njia nzima alilalamika kwa sentensi ndefu ndefu. Mtu anayekosa oksijeni mara nyingi hawezi kulalamika namna ile.

Joto nalo halina ukweli mmoja. Ile 37 tuliyoishika kama amri ni wastani uliotangazwa na Mjerumani Carl Wunderlich mwaka 1868 baada ya kuwapima kwapani watu wapatao 25,000. Mwili wa mtu mzima wa afya hupanda na kushuka karibu nusu nyuzi kati ya alfajiri na jioni. Mama zetu walitupima kwa kiganja kwenye paji la uso, na hawakutia desimali.

Machi tulimsindikiza kwa daktari wa akili. Alisitasita, akiona aibu, tukamkumbusha kwamba hospitali ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika China ilifunguliwa papa hapa Guangzhou mwaka 1898, na mmisionari daktari John Kerr, kwa hiyo mji huu umeshaona wengi kabla yake. Daktari hakumwuliza namba zake. Alimwuliza, "Ukishapima, unatulia kwa muda gani?" Akajibu, dakika kumi. Hapo ndipo, anasema, alipojisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Aliambiwa aahirishe. Hamu ya kupima ikija, angoje dakika kumi. Wiki inayofuata nusu saa. Kisha mara moja kwa siku, kisha asipime kabisa. Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Alitokwa na machozi kwenye korido. Tulitembea naye, mara nyingi mpaka hekalu la mungu wa Bahari ya Kusini, lililojengwa mwaka 594, ambako mabaharia walifukiza ubani kabla ya kung'oa nanga. Alisimama uani akasema hawa nao walikuwa na wasiwasi, lakini wao walifukiza mara moja wakaondoka. Tulipoona anaweza kujitania tulijua mambo yanaanza kukaa sawa. Wasiwasi hupanda, hukaa, kisha hushuka bila kipimo. Ilimchukua miezi kuuamini mwili wake kwa hilo, na mitihani ya Juni ilimrudisha nyuma kidogo.

Vifaa vyetu tuliviweka vyote kwenye kopo la biskuti: kipimajoto kimoja, kipima oksijeni kimoja, mashine ya presha. Kopo linakaa kwa dada yetu mmoja wa ghorofa ya tatu. Wenye pumu, presha, selimundu au ujauzito wana vifaa vyao na ratiba ya daktari, hao hawahusiki. Wengine wote, kabla hajakupa kopo, unaandika kwenye daftari kwa nini unataka kupima. Kukataa hakatai. Anakupa kalamu tu.

Daftari hilo ndilo lililotufunza zaidi. Hizi ni baadhi ya sababu, na wenyewe wameruhusu: "Mama hapokei simu tangu jana." "Nimefeli HSK." "Visa inaisha mwezi ujao." "Nimesoma habari za Ebola kule kwetu." "Sijui." Wengi wakishaandika hurudisha kalamu na kwenda zao bila kopo. Wengine hukaa kunywa chai na kusimulia habari ya mama au ya visa, ambayo haina kipimo.

Mwezi uliopita mwanachama mpya aliandika: "Nina homa na baridi tangu jana. Nimetoka Mwanza wiki mbili zilizopita." Dada alisoma, akampima mara moja, 39.2, akavaa viatu. Malaria ya hapa ilikwisha. Shirika la Afya Duniani liliithibitishia China hilo tarehe 30 Juni 2021, kwa hiyo daktari kijana anaweza asiifikirie kabisa mpaka wewe umwambie umetoka wapi. Neno lake ni *nüeji*. Liandike kwenye simu yako leo, pamoja na tarehe uliyoondoka nyumbani. Kadhalika, maumivu ya kifua yasiyoachia, kuchanganyikiwa, kushindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo na ulimi kugeuka rangi: hayo hayasubiri kopo wala daftari, ni teksi moja kwa moja hospitalini.

Ilikuwa malaria. Walilijua jibu usiku uleule kwa sababu dada alilisema lile neno mlangoni, kabla hata ya kusalimia.