Soka ya Majeshi Malawi na Vijana wa Dzaleka

Kila aliyepata kuwa kuruta anajua kwamba baada ya gwaride na mafunzo ya silaha, jioni ya kambini ni ya kandanda. Nchini Malawi jambo hilo limevuka mipaka ya burudani. Katika Ligi Kuu ya nchi hiyo, iliyoanza mwaka 1986, wamepata kucheza Moyale Barracks ya Mzuzu, Red Lions ya Zomba, Kamuzu Barracks ya mji mkuu Lilongwe, Blue Eagles ambayo ni timu ya Polisi, nayo ya Lilongwe, na MAFCO ya Salima, ambayo jina lake ni kifupisho cha Chuo cha Majeshi ya Ulinzi ya Malawi.

Hiyo ya mwisho ndiyo timu ya chuo. Chuo chenyewe kiko katika uwanda wa joto karibu na Ziwa Nyasa, mashariki ya Lilongwe, na uwanja wa nyumbani wa timu ni Chitowe. MAFCO haijapata kuwa bingwa wa ligi. Hata hivyo si jambo dogo kwa chuo ambacho kazi yake ni kufunda askari kuweka timu katika daraja la juu, ikikabiliana na vilabu vya Blantyre vyenye mashabiki wasiohesabika.

Kombe la ligi lilikwenda kwa ndugu zao wa Lilongwe. Mwaka 2016, katika ligi ya timu 16 na michezo 30 kwa kila timu, Kamuzu Barracks ilimaliza kileleni, ikawa timu ya kwanza ya jeshi kutwaa ubingwa tangu ligi hiyo ianzishwe. Uzito wa ushindi huo unaonekana ukitazama majirani zake katika orodha. Miaka ya 2014 na 2015 bingwa alikuwa Bullets; mwaka 2017 akawa Wanderers; kisha Bullets wakalihodhi kombe kuanzia 2018 hadi 2023. Askari waliingia katikati ya mafahali wawili wa Blantyre na kutoka na kombe mkononi.

Siri yake haiko katika mbinu za uwanjani peke yake. Tangu mwanzo soka ya Malawi imetegemea mwajiri. Bingwa wa kwanza, mwaka 1986, aliitwa Bata Bullets, kwa jina la kampuni ya viatu. Mwaka 1989 bingwa alikuwa Admarc Tigers, timu ya shirika la mazao. Silver Strikers ya Lilongwe ni timu ya Benki Kuu, na ESCOM United ilikuwa ya shirika la umeme. Kampuni ikichoka, timu hubadili jina au hufa. Jeshi na Polisi hawachoki upesi kiasi hicho. Mchezaji ni askari kwanza: ana cheo, mshahara, nyumba ya kambini na daktari, na siku miguu itakapokataa mpira, kazi yake bado ipo. Kwa kijana wa kijijini mwenye kipaji, mguu wa kushoto wenye shabaha unaweza kumfungulia lango la kambi.

Majirani wameonja matunda ya mpango huo. Simba ya Jeshi la Uganda ilifika fainali ya Kombe la Vilabu Bingwa vya Afrika mwaka 1972, ikazuiwa na Hafia ya Guinea. Ulinzi Stars ya Kenya ilitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 2003 hadi 2005, na tena 2010. Hata jina la Moyale Barracks limetoka Kenya: ni ukumbusho wa askari wa Nyasaland wa kikosi cha kwanza cha King's African Rifles walioilinda Moyale dhidi ya Waitaliano mwaka 1940.

Timu yenye taasisi nyuma yake huwa pia na daftari. Nchini Marekani, chuo cha Amherst kilikishinda chuo cha Williams 73 kwa 32 katika mchezo wa besiboli mwaka 1859, mchezo wa kwanza wa aina hiyo kati ya vyuo viwili, na matokeo yake yanasomeka hadi leo. Matokeo ya Chitowe na ya Nankhaka, uwanja wa Blue Eagles, nayo huandikwa.

Sasa twende wilaya ya Dowa, kaskazini ya Lilongwe, mwendo usiofika kilomita 50. Huko ndiko Dzaleka. Wakati wa utawala wa Dakta Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakafanywa makazi ya wakimbizi. Pamepangwa kupokea watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo wamezidi 50,000. Wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na kati ya kabila na kabila lugha inayowaunganisha mara nyingi ni Kiswahili.

Vijana wa huko hucheza, na timu yao iitwayo Dzaleka Future imepata kushiriki ligi ya Kanda ya Kati. Kikwazo chao hakiko uwanjani. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, mwaka 1987, iliweka masharti yake kuhusu ajira, uhuru wa kutembea na uraia. Kuzaliwa Malawi peke yake hakumpi mtoto uraia. Mwaka 2023 Serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, na kuanzia Mei askari waliwakusanya huko Lilongwe. Maana yake kwa mwanasoka ni nyepesi kueleza: asiye raia havai sare ya Jeshi, na asiyevaa sare hachezei MAFCO wala Kamuzu Barracks. Aliyezaliwa Dzaleka mwaka ule wa 1994 amekwisha vuka miaka 30, umri ambao mshambuliaji huanza kuaga.

Jambo hili lina uchungu wa pekee kwa sababu askari wa Malawi wanaifahamu nchi waliyoikimbia wengi wa vijana hao. Novemba 2018, karibu na Beni, Askari Chancy Chitete wa Malawi alimvuta mahali salama Koplo Ali Khamis Omary wa Tanzania aliyekuwa amejeruhiwa, naye akapigwa risasi na kufa. Umoja wa Mataifa ulimpa nishani ya Kapteni Mbaye Diagne mwaka 2019.

Sheria za uraia ni za Bunge la Malawi, na mwanajeshi hazigusi. Lakini mechi ya kirafiki haihitaji Bunge. Kamuzu Barracks, mabingwa wa 2016, wako Lilongwe. Lori likitoka kambini baada ya chai ya asubuhi, kabla ya adhuhuri vijana wa Dzaleka wangekuwa wamekwisha pasha misuli moto. Wapelekwe mwamuzi mwenye cheti, mpira mzuri, na karani wa kuandika majina ya wafungaji wa pande zote mbili.