Uchungu wa Tahini na Tofauti za Ndimi
Tahini ni ufuta uliokaangwa kidogo ukasagwa hadi kuwa rojo. Ladha yake hukaribia ya karanga, yenye uchungu hafifu. Uchungu ukizidi, huenda ufuta uliungua. Hata hivyo, mume anayesusa futari mbele ya wanawe akidai imeharibika, yamkini mkewe hauonji uchungu huo kabisa. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox wa Marekani alibaini kuwa unga uleule ni mchungu kwa mmoja na hauna ladha kwa mwenziwe. Tofauti hiyo hurithiwa. Mazoea nayo yana nguvu: michembe tuliyolelewa nayo Shinyanga humshangaza mchimbaji aliyehamia Geita kutoka pwani.

Nyumbani kwa Bi Maimuna (r.a.) iliandaliwa nyama ya dhabb, mjusi wa jangwani. Mtume (s.a.w.) hakuila, akieleza kuwa haikuwapo katika nchi ya watu wake, wala hakuiharamisha. Khalid bin Walid (r.a.) akaivuta, akala, Mtume akimtazama.