Machozi Husafiri Mbali Kuliko Kicheko: Tamthilia na Vichekesho vya Nchi Mbalimbali katika Kasongo na Kabambare (Sehemu ya Pili)

Filamu huingia kusini mwa Maniema kwa njia mbili. Njia ya mashariki inaanzia Dar es Salaam na Kigoma, inavuka ziwa Tanganyika hadi Kalemie au Uvira, kisha inapanda kwa pikipiki mpaka Kabambare na Kasongo, pamoja na nguo, sabuni na betri. Njia ya magharibi inatoka Kinshasa, kwa ndege ya Kindu au kwa setilaiti. Ya kwanza huleta Kiswahili: filamu za Tanzania zenyewe, na za Wanigeria na Wahindi zilizotiwa sauti ya Kiswahili. Ya pili huleta Kifaransa na Lingala. Katika sale ya video inayowashwa kwa jenereta, mwalimu wa shule, muuza mawese na mchimba dhahabu huketi benchi moja mbele ya picha moja, lakini hawacheki mahali pamoja. Tamthilia huwaunganisha upesi, maana msiba, ugonjwa, deni na ugomvi wa mawifi havihitaji mkalimani. Kichekesho huwagawa. Sababu za tofauti hiyo zinastahili kuchunguzwa, kwa kuwa zinaeleza kwa nini filamu fulani hupendwa katika sehemu hizi na nyingine, zilizosifiwa sana kwao, huachwa katikati.

Katika Kongo, wa kwanza kuligusa jambo hili walikuwa mapadri, ingawa walilieleza vibaya. Sheria ya ukoloni ya mwaka 1945 ilimzuia Mwafrika kuingia sinema, isipokuwa kwa filamu zilizopitishwa na tume ya udhibiti. Wakubwa wa Kibelgiji walishikilia kwamba mtazamaji wa Kikongo hawezi kufuata hadithi inayoruka kutoka mahali hadi mahali, wala kutenganisha mchezo na kweli. Basi wamisionari wakatengeneza filamu zao wenyewe, za mwendo wa polepole, hadithi nyepesi na funzo mwishoni. Huko Bukavu, shirika la Mapadri Weupe liliendesha kituo cha Africa Films; na Kasongo, iliyokuwa ndani ya Kivu hadi Maniema ilipofanywa jimbo mwaka 1988, ilikuwa eneo la utume la shirika hilohilo. Huko Kasai, padri Albert Van Haelst alitengeneza katika miaka ya 1950 vichekesho vya Matamata na Pilipili, watu wawili, mmoja mnene na mwingine mwembamba, kwa mfano wa Laurel na Hardy wa Marekani. Dharau iliyozaa filamu hizo haina utetezi wowote. Hata hivyo watu walicheka kweli, na hawakucheka kwa sababu filamu ilirahisishwa. Walicheka kwa sababu mwili wa mchezaji ulisema kabla ya mdomo wake, na mwili husomeka Luluabourg ya Kasai sawasawa na Kasongo.

Charlie Chaplin alikuwa amekwisha kulithibitisha hilo zamani. Katika The Kid, filamu ya mwaka 1921, hakuna sauti ya mtu hata moja. Maandishi ni machache na asiyejua kusoma hapotezi kitu. Maskini mmoja wa mjini anaokota mtoto mchanga aliyetupwa, anajaribu kumsukumia mtu mwingine, anashindwa, mwishowe anamlea. Mtoto akifika umri wa miaka mitano anapewa kazi: kutangulia mtaani na kuvunja vioo vya madirisha kwa mawe, ili baba mlezi apite nyuma yake kana kwamba ni fundi wa vioo aliyetokea kwa bahati. Huo ni wizi, na kila mtazamaji anajua ni wizi, lakini anacheka kwa kuwa njaa ya hao wawili inaonekana. Baadaye wakubwa wanakuja kumchukua mtoto wampeleke kituo cha yatima. Wanampakia katika gari, naye ananyoosha mikono akilia, na Chaplin anakimbia juu ya mapaa ya nyumba mpaka anaruka ndani ya gari na kumkumbatia. Mahali hapo kicheko na chozi hutoka pamoja.

Mtazamaji wa Maniema huiona filamu hiyo kwa namna yake. Swali la kwanza hapa ni la ukoo: wako wapi mjomba, shangazi na bibi wa mtoto huyu? Kwa Wakusu wa Kasongo na Wabangubangu wa Kabambare, mtoto asiye na mtu kabisa ni msiba mkubwa kuliko mtoto maskini. Kwa hiyo The Kid, ambayo Wazungu huiita kichekesho chenye huzuni, hapa ni tamthilia yenye vipande vya kuchekesha. Usomaji huo si mbaya kuliko ule wa Ulaya, na huenda uko karibu zaidi na maisha ya Chaplin mwenyewe, aliyelelewa kwa muda katika nyumba ya maskini ya London.

Ufaransa inatoa mifano miwili inayopingana. Louis de Funès hupokewa vizuri popote. Katika Le Gendarme de Saint-Tropez ya mwaka 1964 anacheza askari mfupi, mwenye hasira, anayejipendekeza kwa mkubwa wake kwa tabasamu na unyenyekevu, kisha anageuka nusu hatua na kumfokea aliye chini yake. Uso unabadilika mara tatu ndani ya pumzi moja. Yeyote aliyesimamishwa kwenye kizuizi cha barabara kati ya Kasongo na Kabambare anamfahamu askari huyo bila Kifaransa. Ndiyo maana La Grande Vadrouille ya mwaka 1966, ambayo De Funès aliicheza pamoja na Bourvil, na ambayo iliuza tiketi zaidi ya milioni 17 nchini Ufaransa, inachekesha hata mtazamaji asiyejua lolote juu ya vita vya Ulaya. Kinyume chake ni Le Dîner de cons ya Francis Veber, ya mwaka 1998. Ilitoka kwenye mchezo wa jukwaani: watu wachache, sebule moja, simu moja. Utamu wote uko mdomoni. Walimu na wanafunzi wa chuo huifurahia. Walioketi nyuma yao huanza kuzungumza mambo yao, na hawana kosa.

Kuna kisa kimoja ambacho nchi tatu zimekisimulia, nacho kinafundisha mengi: Mwafrika anayefika Ulaya. Wanigeria walikifanya kichekesho kitupu katika Osuofia in London ya mwaka 2003. Nkem Owoh anamcheza Osuofia, mwanakijiji aliyefiwa na ndugu yake London, anakwenda kuchukua urithi, na analeta kijiji chake chote ndani ya mji ule. Anawaona njiwa wa Trafalgar Square na kuwakimbiza kama kitoweo. Kicheko kinakuja papo hapo, na kinamwangukia Osuofia. Lakini kinawaangukia pia watu wa London, ambao wana nyama imejaa barabarani na hawaigusi.

Wafaransa walikisimulia kwa upole katika Bienvenue à Marly-Gomont ya Julien Rambaldi, ya mwaka 2016. Ni hadithi ya kweli ya Seyolo Zantoko, daktari wa Kizaire, baba wa mwanamuziki Kamini, aliyepata kazi mwaka 1975 katika kijiji kidogo cha kaskazini mwa Ufaransa. Anayemcheza ni Marc Zinga, mzaliwa wa Likasi. Wanakijiji hawajawahi kumwona mtu mweusi; wagonjwa wanamkwepa, naye anakaa kwenye chumba chake cha matibabu akisubiri mlango ugongwe. Filamu inajua kuchekesha, lakini ina kasoro: inamaliza shida haraka mno, kana kwamba woga wa kijiji kizima huyeyuka kwa mechi moja ya mpira wa miguu. Sehemu yake iliyo bora ni aibu ya daktari mbele ya jamaa zake wenye vifijo na sauti kubwa. Hapo mtazamaji wa Kongo hacheki sana, kwa sababu anajua mtu wa aina hiyo, aliyesoma hadi akaanza kuona haya kwa watu wake.

Simulizi la tatu ni la Kongo yenyewe, na ndilo zito kuliko yote. Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, alitoa Pièces d'identités mwaka 1998, na mwaka 1999 ikatwaa Étalon de Yennenga, tuzo kuu ya tamasha la FESPACO huko Ouagadougou. Mfalme mzee, Mani Kongo, anakwenda Ubelgiji kumtafuta binti yake Mwana, aliyepelekwa huko angali mtoto ili asome, kisha habari zake zikakatika. Anasafiri amevaa kofia yake ya enzi na kushika fimbo yake. Mji ule hauoni mfalme. Unaona mzee mwenye mavazi ya ajabu, na alama zake za ufalme zinamtoka mikononi. Gérard Essomba anamcheza bila kupayuka. Anasimama wima, na kusimama huko kunachekesha mwanzoni, baadaye kunauma. Katika sehemu zinazowaheshimu machifu wao, kofia ya enzi ikitoka kichwani mwa mzee sale nzima hunyamaza. Ngangura alikuwa ameshajaribu njia nyepesi zaidi mwaka 1987, pamoja na Benoît Lamy, katika La Vie est belle, ambamo Papa Wemba, mzaliwa wa Lubefu katika Sankuru ya jirani, ni mwanamuziki wa kijijini anayekuwa boi wa tajiri wa Kinshasa, na wote wawili wanampenda msichana mmoja. Ni filamu ya furaha. Pièces d'identités ni kazi kubwa.

Tamthilia za Nigeria zilishika Afrika kuanzia Living in Bondage ya mwaka 1992, iliyochezwa kwa Kiigbo: Andy anamtoa mkewe Merit kafara ili atajirike, na mzimu wa Merit haumwachi alale. Hadithi hiyo ina uzito wake katika teritware ya Kabambare, hasa Salamabila, kando ya dhahabu ya Namoya, ambako utajiri unaweza kuja kwa siku moja na jirani huuliza umetoka wapi. Watanzania walijifunza kwa Wanigeria, na mwigizaji Steven Kanumba alivuka hadi kucheza nao. Alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28 tu, na kifo chake kilililiwa mbali sana na Dar es Salaam. Filamu zake nyingi zina sauti mbaya na hadithi zinazojirudia. Pamoja na hayo, zilimfanya mtu wa Kasongo asikie mapenzi, hila na toba kwa lugha aliyoamkia nayo, jambo ambalo filamu bora za Kinshasa hazikumpa. Mchekeshaji King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, ni mfano mgumu zaidi. Maneno yake ya pwani mengine hayafiki huku, lakini mwendo wake wa mzee mjanja anayejifanya mjinga hufika mzima.

Kati ya mtazamaji na filamu ya kigeni anasimama pia msimulizi. Huko Dar es Salaam, Lufufu alijijengea jina kwa kusimulia filamu za nje kwa Kiswahili, akiwapa wahusika majina mapya na kuongeza maelezo yake. Kazi hiyo ina faida na hasara. Kichekesho kilichokufa hufufuka mdomoni mwa msimulizi hodari. Tamthilia, kinyume chake, huharibika, kwa kuwa msimulizi anaogopa kimya, na kimya ndicho kinacholiza.

Félicité ya Alain Gomis inaonyesha vizuri thamani ya kimya hicho. Ilipata tuzo kubwa ya majaji ya tamasha la Berlin mwaka 2017, na mwaka huohuo ikachukua tuzo kuu ya FESPACO. Véro Tshanda Beya ni mwimbaji wa baa ya Kinshasa ambaye mwanawe anapata ajali ya pikipiki. Hospitali inataka fedha kabla ya kupasua. Mama anazunguka mji mzima akidai madeni yake, akiomba, akisukumwa nje, na halii. Jibu la mtoto, aliyekatwa mguu, ni kulala akitazama ukuta. Katikati ya hayo kuna friji iliyoharibika, na Tabu, mwanamume mlevi mwenye roho nzuri, anayerudi kuitengeneza na kushindwa tena na tena. Kicheko kinatoka hapo, kidogo, kwa haki. Hakuna anayehitaji kuelezwa filamu hii huko Kasongo au Kabambare, maana kila nyumba imewahi kuchanga fedha za hospitali usiku. Wenye sale za video wanaoagiza filamu kutoka Kindu au Kalemie waitafute hii kwanza, na waionyeshe bila msimulizi.